Kiu ya Mke wa Muuza Maji

Pete ya ndoa ya mke wangu niliikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, siku chache kabla ya Krismasi ya ule mwaka wa uchaguzi. Kidole chake kilikuwa kimefura hadi pete ikazama nyamani. Nililaza mkono wake juu ya benchi ninalokatia mabomba, nikapenyeza kibati chembamba chini ya pete ili meno ya msumeno yasimguse, nikakata polepole mbele ya majirani. Halikutoka hata tone moja la damu. Nikauinua mkono ule juu kama refa anayemtangaza bondia, nikasema, "Mmeona kazi ya fundi? Na mmemwona mke wa fundi? Amenona mpaka dhahabu imesalimu amri!"

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, halafu akauficha mkono chini ya leso. Mahali pa pete palikuwa pamebaki mfereji. Nilikuwa nimepabonyeza kwa kidole gumba, na shimo la kidole changu likabaki pale pale kwenye ngozi kama alama kwenye unga uliokandwa. Niliona, na sikuwaza chochote. Siku hizi nikikutana na mwanamke mjamzito, kitu cha kwanza ninachotazama ni vidole.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kujisifu na sina mpango wa kuacha. Nilitoka Kitui na darasa la nne, nikaingia Kibera na sururu ya kuazima. Nilichimba mitaro ya wengine mpaka viganja vikawa kama soli za viatu. Kazi ya bomba nilijifunza kwa macho, hakuna aliyeniketisha akanifundisha. Kufikia mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na matangi matatu makubwa pale Soweto West, kijiji kimojawapo cha Kibera, na mabomba ya nusu ya kijiji nilikuwa nimeyapitisha mimi. Wahandisi wenye digrii zao walikuwa wakija kuniuliza laini inapita wapi, kwa sababu ramani haikuwa kwenye karatasi yoyote, ilikuwa kichwani mwangu. Waliniita Fundi, basi. Ukiuliza Fundi anakaa wapi, hata mtoto wa miaka mitatu alikuonyesha mlango.

Mke wangu pia ni fundi, wa cherehani, na wakati huo kibanda chake kilikuwa Makina, humo humo Kibera, karibu na msikiti. Ni mtu wa kutoka ziwani, ananizidi kimo, na mdomo wake una makali. Tulikaa miaka mitano bila mtoto. Watu wa kwetu walisema yao, watu wa kwao wakasema yao. Kwa hiyo aliposhika mimba nilitangaza kama mtu aliyepata tenda ya serikali. Na mwili wake ulipoanza kujaa, miguu ikakataa viatu akawa anavaa ndara zangu, uso ukawa mviringo, niliihesabu hiyo kuwa kazi yangu nyingine nzuri. Huko tulikotoka sote wawili, mwanamume anatazamwa kwa mwili wa mke wake. Mke akikonda, wenzako wanakuangalia kwa pembeni. Mke akijaa, unasimama wima kanisani. Krismasi hiyo nilimtembeza kwenda kanisani kwa njia ya mzunguko, ile ndefu, ili tuonekane na wengi. Alitembea akihema, akisimama kila baada ya hatua chache, nami nikisalimia watu.

Sasa nifike palipo pagumu. Kliniki ilikuwa imetuambia. Mapema mwezi huo wa Desemba, mimba ikiwa ya miezi saba na kidogo, alirudi nyumbani na kadi ambayo namba za presha zilikuwa zimezungushiwa kalamu nyekundu.

"Wamesema nirudi kila wiki," aliniambia. "Presha imepanda na mkojo una kitu. Ikizidi watanilaza."

"Wakulaze kwa sababu ya presha?" Nilicheka kweli. "Presha si ndiyo kazi yangu?"

Usidhani nilikuwa nafanya mzaha. Katika kazi yetu, presha ikipanda, viungo vya bomba vinaanza kutema maji. Fundi mwenye akili hakimbilii kufunga kila kiungo kwa raba. Anaenda kwenye koki kubwa, pale maji yanapoingilia, anaipunguza, na laini nzima inatulia. Nikamtazama mke wangu, nikaona mwili uliojaa maji, jambo ambalo hata kipofu angelijua kwa kugusa. Maji yanaingilia wapi kwa binadamu? Mdomoni. Basi nikafunga koki. Nilitoa amri ya vikombe viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na nilivimimina mimi mwenyewe. Chai ilihesabiwa humo humo. Na kuhusu kliniki ya kila wiki nilisema hapana, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujisifu kwa kijiji kizima kwamba mke wangu amenona. Sikutaka wamwone kwenye benchi la wagonjwa. Sababu ilikuwa hiyo, na sina nyingine ya kuipamba.

Alinibishia siku mbili tatu za kwanza.

"Bwana mkubwa, si unipe hata ya kulainisha ulimi."

"Presha."

"Presha ni yangu, maji ni yako. Tubadilishane leo tu."

"Ukizaa salama utakunywa tangi zima."

"Nikizaa salama nitakunywa, na wewe nitakutumbukiza ndani."

Baadaye akaacha kubisha. Nilifurahi, nikidhani dawa yangu imeanza kufanya kazi.

Kisha kura zikapigwa, na Jumapili jioni matokeo yakatangazwa. Sitaandika yote niliyoyaona wiki hiyo. Wako walioyaandika, na wako walioyafanya ambao hawatayasema mpaka wafe. Nitasema tu kwamba moshi uliingia nyumbani hata milango ikiwa imefungwa, na kwamba watu waliokopeshana chumvi mwezi mzima walianza kuulizana majina ya baba zao. Mimi nilikuwa Mkamba katikati ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na Wakamba siku hiyo, lakini hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Maduka yalifungwa. Kliniki ilifungwa. Wasukuma mikokoteni ya maji walijificha.

Laini yangu haikukatika. Na hapa nitajisifu tena, kwa sababu ni kweli: nilifungua matangi nikasema kila mtu achote, awe wa wapi, bila kutoa kitu. Soweto West ilikunywa kwangu siku tatu. Nilisimama na mpira wa maji mkononi nikijaza mitungi, ndoo, sufuria, hata beseni za kuogeshea watoto. Mama mmoja alinishika kichwa akanibariki kwa lugha yake. Nilijisikia kama chifu.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wetu, miguu imenyooshwa mbele yake kama magogo mawili, akiutazama ule mpira. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alisema jambo moja, na hakulisema kwa sauti kubwa.

"Mimi pia ni jirani."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaendelea kujaza.

Siku ya pili ya mwaka mpya, asubuhi, aliamka akishika kichwa. Alisema kinapigwa nyundo kutoka ndani. Nikampa kikombe chake cha asubuhi, akakitapika. Wakati huo akaja mama mzee mmoja wa Makina, aliyempangisha mke wangu kile kibanda cha cherehani. Alikuwa ametembea peke yake katikati ya mawe na matairi yaliyoungua, baibui lake likiwa limejaa majivu kwenye pindo, kuja kuuliza kwa nini mpangaji wake haonekani. Alimtazama mara moja tu, akaniuliza, "Huyu ana nini?"

"Amenona, mama. Ni mimba tu na uchovu."

"Amenona wapi? Mwanangu, mtu hanoni kope." Akachuchumaa mbele ya mke wangu, akamshika kidevu. "Binti yangu, unaona nini?"

"Naona vimulimuli, mama. Vingi."

"Saa hizi, na jua hili?"

"Saa hizi. Na hapa panauma." Akagusa chini ya mbavu, upande wa kulia.

Mama mzee alisimama. Hakunipigia kelele, ila alinitazama jinsi mtu anavyotazama ukuta uliopasuka, akipima kama utaanguka leo au kesho. "Mtoe hapa," alisema. "Usingoje mambo yatulie. Hayatatulia kwa ajili yenu."

Nilimjua mtu mmoja tu ambaye mlango wake ungekuwa wazi. Kule Kawangware, mtaa unaoitwa Congo, kulikuwa na muuguzi mstaafu, mkunga, ambaye alizalisha wanawake katika nyumba yake ya vyumba vitatu. Nilikuwa nimemwekea bomba mwaka mmoja uliotangulia. Kwa hiyo nikachukua mkokoteni wa maji, nikatandika godoro, nikamlaza mke wangu, na kumzungushia mitungi minne iliyojaa. Hayo maji yalikuwa cheti chetu cha njia. Mkokoteni wa maji haukuzuiwa na mtu, maana hata anayerusha mawe anapata kiu. Mama mzee alivua leso aliyokuwa amejitanda juu ya baibui akamfunika kichwa, na tukaondoka.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha watu wanaonijua.

"Fundi! Niaje? Maji inaenda wapi?"

"Ni mke wangu, ni mgonjwa."

Mmoja alimsalimu kwa lugha ya kwao, na yeye akaitikia kwa sauti ya chini. Wakaanza kusogeza mawe. "Mkamba, una bahati umeoa kwetu," yule mtu alisema. "Tungekuuliza ulipigia nani."

"Nilipigia bomba."

Walicheka. Ndiyo, hata siku hiyo watu walicheka. Tukapita kando ya soko lililoungua, mabati yakiwa yamekunjamana na bado yanafuka. Tukavuka barabara ya Ngong, ambayo ilikuwa tupu, lami peke yake, na gari moja la askari lililopita bila kutuangalia. Nilivuta mkokoteni peke yangu. Jasho lilinitoka hata machoni, na nyuma yangu nilisikia maji yakigongagonga ndani ya mitungi, na sikusikia sauti ya mke wangu.

Tulipokaribia Kawangware niliinama nikamwambia, "Huku usiseme neno. Nitasema mimi."

"Wewe ndiye husema siku zote," alijibu. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa muda mrefu.

Kizuizi cha huko kilikuwa cha watu wazima wenye mapanga, na hakuna hata mmoja aliyenijua. Mwenye koti refu alichukua kitambulisho changu, akasoma jina langu polepole.

"Mkamba. Sawa, nyinyi mko katikati. Na huyu mama?"

"Ni mgonjwa. Hawezi kuongea."

"Hata salamu? Atusalimie tu, kwa lugha ya kwao. Tukisikia tutajua."

Nikaanza kueleza habari za maji, kwamba wanaweza kuchukua mitungi yote, kwamba mimi ni fundi na ninajulikana hadi wapi na wapi. Nilikuwa nazungumza haraka, najisifu kwa watu wenye mapanga. Ndipo nikasikia mtungi ukianguka. Niligeuka. Uso wa mke wangu ulikuwa umevutwa upande mmoja, macho yamekwenda juu, mkono umekakamaa kama mti. Halafu mwili mzima ukaanza kutikisika na mkokoteni ukatikisika nao.

Wale wanaume walirudi nyuma. Mwanamke aliyekuwa amejibanza nyuma ya jiko lake la mahindi, kando ya kizuizi, alikuja mbio akamgeuza mke wangu ubavuni, akamshikilia kichwa kisigonge ubao. "Mnamwuliza lugha?" aliwafokea. "Hiyo mimba ina kitambulisho? Mna mama nyinyi?" Kisha kwangu: "Na wewe umesimama nini? Unampeleka wapi?"

Nilimwambia. Alimjua yule mkunga. Alitangulia mbele, na yule mwenye koti akachomeka panga mkandani, akashika mkono mmoja wa mkokoteni, mimi nikashika wa pili. Hakuniomba msamaha, nami sikumshukuru. Alipotufikisha mlangoni alirudi zake.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimbeba mke wangu kitandani, akampima presha, akakunja uso, akavunja chupa ndogo za dawa akamchoma sindano mbili ndefu, moja kila kalio. Aliniambia jina la ile dawa na kwamba kazi yake ni kuzuia kifafa cha mimba kisirudi. Mtikisiko ulikuwa umeshakwisha. Mke wangu alikuwa anakoroma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, na nashukuru. Mkunga alimwekea kipembe cha kusikilizia tumboni, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Yupo," alisema mwishowe. "Kwa mbali."

Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akapiga tena, akapiga ya tatu. Waliahidi kuja njia ikifunguka. Tukawa tunangoja. Alikamua mkojo kidogo kwa mpira mwembamba, ukatoka wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Vile vikaratasi vya kupimia vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo aliutia kwenye kichupa cha kioo, akaushikilia juu ya moto wa stovu, akaudondoshea siki. Ule mkojo ukageuka mweupe na mzito mbele ya macho yangu, kama ute wa yai unapogusa kikaango.

"Hiyo ni protini," alisema. "Haipaswi kuwa hapo. Umempa nini nyumbani?"

"Sikumpa kitu, Sista. Nilimpunguzia maji. Vikombe viwili. Nilitaka kushusha presha."

Mkunga alizima stovu. Alikwenda chini ya sinki, akapekua, akarudi na kipande cha bomba cha urefu wa mkono, akakiweka mapajani mwangu. Nilikitambua. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwekea bomba la chuma la zamani, nilikuwa nimelipaka rangi ya fedha likang'aa, nikamwambia ni jipya. Mafundi wengi tulifanya hivyo. Fundi mwingine alikuwa amelitoa baadaye na kuweka la plastiki, na mkunga akahifadhi kipande hiki.

"Nje inang'aa," alisema. "Tazama ndani."

Nilitazama. Kutu ilikuwa imejaa hadi ikabaki tundu la kupitisha penseli, na ubavuni kulikuwa na vitundu vilivyokuwa vikivuja.

"Sasa nisikilize, Fundi, maana hii lugha unaielewa. Mishipa ya damu ina utando ndani, mwembamba kuliko ule wa ndani ya ganda la yai. Ule utando ndio unaoufanya mshipa uwe laini, utanuke damu ikija, na ndio unaozuia maji ya damu yasitoke. Kwa mke wako, kondo la nyuma halikupata mizizi mizuri tangu miezi ile ya kwanza. Halipati damu ya kutosha. Likikosa, linamwaga vitu kwenye damu ya mama, na vile vitu vinauwasha ule utando. Mwili unapigana kana kwamba kuna jeraha, na jeraha halipo. Utando unavimba, unaharibika. Mishipa inajikaza, ndiyo presha. Inavuja, ndiyo miguu hiyo. Chujio la figo nalo linavuja, ndiyo protini uliyoiona. Ini, ubongo, kila mahali penye mishipa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa hiyo yale maji uliyoyaona yamemjaa yalikuwa yametoka njiani. Yako kwenye nyama. Ndani ya mishipa yenyewe amekauka." Alivua miwani. "Ulikuwa unamkausha mtu aliyekauka."

Nilimuuliza kama nikimpa maji sasa, mengi, nikimpa mtungi mzima. Alitikisa kichwa. Mabomba yanayovuja hayajazwi kwa pupa, yangemjaa mapafuni, alisema. Tutampa kidogo kidogo, kwa kipimo. Dawa ya kweli ni kondo kutoka, na kondo halitoki peke yake, linatoka na mtoto.

"Ni mimi niliyemletea?"

"Ugonjwa hukuuleta. Ungempa kisima kizima, bado ungekuja." Nilianza kupumua, lakini hakuwa amemaliza. "Ila kadi yake hapa imezungushiwa nyekundu, wiki nne zilizopita. Aliambiwa arudi. Wangeona ugonjwa unazidi, wangemtoa mtoto barabara zikiwa bado wazi."

Nimebishana na watu wengi maishani mwangu. Pale nililiinua lile bomba kutoka mapajani, nikachungulia tena ndani.

Gari lilifika saa tisa alasiri. Hospitalini walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, akitosha kwenye viganja vyangu viwili, na alitoka akipumua. Mke wangu hakumwona. Alikuwa amelala kwa dawa, presha ikipanda na kushuka, na madaktari walikuwa wanangoja kama figo zake zitaamka. Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyemwona mtoto wetu akiwa hai. Ngozi yake ilikuwa imelegea kama nguo ya mtu mkubwa. Vidole vilikuwa virefu, vya mama yake, vyembamba, kila kiungo kikionekana. Aliishi hadi kesho yake adhuhuri.

Kwenda Kitui haikuwezekana, na kwenda ziwani ndiyo kabisa. Nilimzika kwenye makaburi ya Lang'ata, na mchungaji mmoja na yule mama mzee wa Makina aliyepata habari sijui kwa nani. Kaburi nililichimba mwenyewe. Wachimbaji walitaka kunisaidia nikakataa. Mimi ambaye nilichimba mitaro kutoka reli hadi mtoni, ule ndio uliokuwa mfupi kuliko yote, na ndio pekee ambao sikutaka uishe.

Figo za mke wangu ziliamka siku ya tatu. Maji yalianza kumtoka mwilini, siku baada ya siku, na uso wake ukarudi, halafu ukapita pale ulipokuwa, ukawa mdogo, mifupa mitupu. Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanamke niliyemtembeza kanisani siku ya Krismasi alikuwa amekonda. Muda wote ule alikuwa amekonda ndani ya yale maji.

Neno la kwanza alilosema alipozinduka lilikuwa "maji". Muuguzi wa wadi alinipa kikombe na kijiko, akasema nimpe kijiko kimoja, ningoje, kisha kingine. Nilikipeleka mdomoni mwake. Alikitazama kijiko, akanitazama mimi. Kisha akageuza kichwa kwa mwanamke wa kitanda cha jirani, mtu wa lile kabila ambalo wiki hiyo lilikuwa likiuana na la kwake, akamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Dada, nisaidie na hicho kijiko."

Yule mwanamke aliinuka na kidonda chake kibichi cha upasuaji, akachukua kikombe mkononi mwangu.

Tuna watoto wawili sasa. Mimba zote mbili zilikwenda kliniki kila wiki, nikiwa kwenye benchi la wagonjwa pamoja naye, tangu mwezi wa tatu hadi mwisho, na akimeza kidonge kila siku. Mimba ya kwanza kati ya hizo presha ilianza kupanda tena, wakaiona mapema, wakamtoa mtoto akiwa mzima. Mambo yangu yameongezeka. Nina matangi mengi kuliko wakati ule na nyumba za kupangisha kule Congo, na bomba la zamani sijapaka rangi tena. Tunacheka, tunagombana, tunalala kitanda kimoja. Lakini tangu siku ile ya kijiko, mke wangu hajawahi kuniomba maji. Akiwa na homa anamwita mtoto. Mtoto akiwa shuleni anainuka mwenyewe, akishika ukuta, anapita mbele yangu hadi kwenye koki.

Kwa kuwa tahajia yangu si nzuri, haya niliyoyaandika nilimpa ayasome anisahihishie. Alisoma akiwa kwenye cherehani, miwani puani. Kwenye habari ya pete alisema, "Kibati uliweka kweli. Hapo hukudanganya." Kwenye habari ya kujisifu alisema, "Punguza." Alipofika kwenye mtoto aliziweka karatasi chini, akashona mkono mzima wa blauzi ya mteja, kisha akazichukua tena hadi mwisho.

"Umesahau kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Umeandika ulininyima maji. Hujaandika nilivyokuwa na kiu."

Nilimwambia sijui ilivyokuwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Nikauliza hapo, na yeye akajibu bila kuniangalia, akiweka uzi kwenye sindano. Ninaandika kama alivyosema.

"Lile tangi la karibu na dirisha lilikuwa na sauti likijaa. Mwanzo linanguruma, halafu sauti inapanda, inakuwa nyembamba, mpaka unajua maji yamefika juu. Kisha unafunga. Kila siku nilikuwa nalala pale nasikiliza likipanda. Nilikuwa najiambia, likifika juu atanikumbuka."